Mfumaji wa Mpui Aachwe na Sindano Zake

Katika zama hizi ambapo kila mwenye mikono miwili huhimizwa aanzishe mradi, ajiunge na kikundi, atunge katiba na kuomba mkopo wa halmashauri, yupo mtu mmoja ambaye, kwa maoni yangu, hudhulumiwa kwa wingi wa nasaha; naye ni yule mama wa Mpui, au wa kijiji kinginecho cha Ufipa, mkoani Rukwa, afumaye masweta na kofia kwa mapenzi yake tu. Kila apitaye barazani kwake humuuliza mambo mawili: mbona kazi zako haziishi, na mbona huziuzi? Maswali yote mawili, ijapokuwa huulizwa kwa nia njema, hayana insafu.

Kapuni mwa jirani yangu, mwalimu mstaafu, zimo kazi nne kwa wakati mmoja: sweta la kijani la mjukuu wake, lililokwisha kifua, mgongo na mkono mmoja, kofia ya kitoto kichanga, shali ya rangi ya ugoro, na vitambaa vya makochi ambavyo, nadhani, vilianzwa kabla makochi yenyewe hayajanunuliwa. Asiyejua huona uzembe. Lakini shali ile ina maua yatakayo hesabu ya vitanzi, na kitanzi kimoja kikiruka safu nzima hupinda, basi hushikwa mchana nyumba ikiwa kimya. Ilhali kofia hufumwa usiku jikoni, maongezi yakiendelea, kwa kuwa vidole vimekwisha kuijua njia. Mjukuu akiuliza, "Bibi, sweta langu lini?" hujibiwa, "Uzi ukipatikana, mjukuu wangu," wala si udhuru wa mvivu; kwani uzi wa kijani uletwao dukani mara ya pili, hata ukiwa na jina lile lile, aghalabu haukutiwa rangi pamoja na ule wa kwanza, na tofauti isiyoonekana gizani mwa duka hudhihiri mara tu vazi litokapo juani.

Uzi ukikosekana kabisa, mwalimu huyu huenda kwenye mitumba, na hapo ndipo utamjua fundi. Hupindua sweta ndani nje, akatazama mshono wa ubavuni: vipande vikiwa vimefumwa kila kimoja kwa umbo lake na kingo zake ni nzima, hununua, vikiwa vimekatwa kwa mkasi na kupigwa ovaloki, hurudisha, hata likiwa zuri namna gani, kwa sababu kila safu itatoka kipande kifupi kisichofaa hata kufungia mchicha. Nyumbani hukata mishono, hufumua kuanzia shingoni kushuka chini, huzungushia uzi mgongoni mwa kiti, kisha huufua na kuuanika ukiwa umening'inizwa jiwe, hata ule msokoto wake wa zamani unyooke. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuikomesha mitumba ifikapo 2019. Azimio hilo halikutimia, na mwalimu wangu, Mungu amsamehe, alifurahi.

Ama hao wamhimizao auze, wangefaa kuikumbuka tarikhi ya nchi hii. Karne ya 19 Wafipa walikuwa wakifuma nguo za pamba, nzito na za kudumu. Kisha ikaja merikani, iliyofumwa kwa mashine huko Massachusetts na kupandishwa bara na misafara kutoka pwani, ikafuatwa na nguo za Uingereza na Bara Hindi, na mitambo ya kufumia ya wenyeji ikanyamaza mmoja baada ya mwingine. Wafumaji wale hawakushindwa kwa ustadi. Walishindwa kwa bei. Leo sweta la mkono litokalo Mpui lingeshindana na sweta la shule la mashine na sweta la mtumba kwa pamoja, na ukimhesabia mfumaji saa zake kwa ujira wa kibarua wa shamba la mahindi, hakuna mnunuzi atakayeipokea bei hiyo bila kucheka. Wenye mashine na wateja wapewe mikopo, tena ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri itengwayo kwa mikopo iwafikie bila mizunguko. Hao ni wafanyabiashara, na shari yangu si kwao.

Lakini mwezi wa Juni, upepo uvumapo juu ya uwanda huu ulio zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, mtoto wa Mpui aendaye shule alfajiri huhitaji mkono wa sweta umfikie kifundoni, wala usimwachie nusu ya kiganja baridini. Na kipimo hicho hukipata kwa yule amwitaye bibi, aliyeulinganisha mkono ule wa sweta na wa mtoto mwenyewe mara kadhaa, akaongeza safu chache kwa kuwa mtoto hukua.

Ningependa, basi, katika maonyesho ya Nanenane kule Mbeya, banda la Rukwa liweke meza moja ya kazi zisizouzwa, hata zile ambazo bado zimo sindanoni, na pahali pa bei paandikwe kazi inafumiwa nani. Mgeni aking'ang'ania kuuliza ni shilingi ngapi, aambiwe kwa adabu kwamba ahamie Mpui, ajenge jirani na mfumaji, naye avumilie mpaka zamu yake ifike.