Simu ya zamani inafanya kazi, lakini kivinjari chake kimeachwa nyuma

Kama simu yako inatumia Android 8 au 9, kivinjari cha Chrome kilichomo ndani yake kimeacha kupata matoleo mapya tangu Agosti 2025. Simu inawaka, kurasa zinafunguka na hakuna kengele iliyolia. Hata hivyo kuna jambo limebadilika, na linamgusa kila anayetumia simu ya aina hiyo kuingia kwenye akaunti ya benki, barua pepe au ukurasa wa maombi ya mkopo.

Kimetokea nini?

Google ilitangaza kwamba Chrome toleo la 138 ndilo la mwisho kwa Android 8 na 9. Toleo la 139, lililotoka Agosti 2025, linahitaji Android 10 au mpya zaidi. Android 7 ilikuwa imeachwa vivyo hivyo mwishoni mwa 2023.

Android 8 ilitoka mwaka 2017 na Android 9 mwaka 2018. Kwa kampuni iliyoziunda, hizo ni za kale. Kwa mtu aliyenunua simu ya mtumba mnadani, hiyo inaweza kuwa simu yake mpya.

Kwa nini ni hatari?

Kivinjari ni mlango wa simu yako kuelekea intaneti. Kila baada ya wiki chache mafundi hugundua tundu kwenye mlango huo, huliziba, kisha husambaza toleo jipya.

Tatizo ni kwamba kiraka chenyewe huonyesha tundu lilikuwa wapi. Sehemu kubwa ya programu ya Chrome iko wazi kwa yeyote kuisoma, wakiwemo wadukuzi. Wao hulinganisha toleo la zamani na jipya, wakaona kilichorekebishwa. Aliyesasisha yuko salama dhidi ya tundu hilo. Asiyeweza kusasisha amebaki na mlango ambao kasoro yake sasa inajulikana. Ndiyo maana hatari huongezeka kadiri miezi inavyopita, hata kama wewe hujabadilisha chochote.

Nani anaamua?

Hapa ndipo penye mzizi wa jambo. Android imejengwa juu ya Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuutumia na kuurekebisha. Simu iliyo mfukoni mwako na kompyuta ya shule inayotumia Linux ni ndugu wa damu.

Lakini ndugu hawa hawana uhuru sawa. Mwenye kompyuta ya zamani anaweza kuweka Linux mpya yeye mwenyewe, bure, na kivinjari kikasasishwa pamoja na mfumo mzima. Mwenye simu hana nafasi hiyo kirahisi. Lazima asubiri kampuni iliyotengeneza simu ichukue Android mpya, iirekebishe ifae simu ile, kisha iitume. Simu nyingi za bei nafuu hazitumiwi kamwe. Kampuni imeshauza na inatengeneza simu nyingine.

Hata kwenye kompyuta, uhuru huo una mpaka. Kompyuta kongwe za biti 32 nazo zinaachwa. Firefox toleo la 144, la Oktoba 2025, lilikuwa la mwisho kwa kompyuta za aina hiyo zinazotumia Linux. Mozilla, inayotengeneza Firefox, iliwaachia toleo maalumu la 140, ambalo iliahidi kulizibia matundu angalau hadi Septemba 2026.

Umoja wa Ulaya umeamua kutoliacha jambo hili mikononi mwa kampuni peke yake. Tangu tarehe 20 Juni 2025, kanuni zake zinataka masasisho ya mfumo wa simu yapatikane kwa angalau miaka 5 baada ya simu za aina hiyo kuacha kuingizwa sokoni. Kanuni hizo zinalinda soko la Ulaya, si duka la mjini kwetu. Swali kwa mamlaka zetu za mawasiliano ni hili: simu inapoingia nchini, kwa nini mnunuzi asiambiwe itasasishwa hadi lini?

Ufanye nini sasa?

Kwanza, jua ulichonacho. Fungua Mipangilio, kisha Kuhusu simu, utazame toleo la Android. Kama ni 10 au zaidi, ingia kwenye duka la Google Play na usasishe Chrome. Tumia intaneti ya Wi-Fi ukiipata, maana upakuaji hula bando.

Pili, kama ni Android 8 au 9, tafuta kivinjari kingine kwenye duka hilohilo. Firefox ilipopandisha kiwango chake mwaka 2025, ilibakiza Android 8 na kuendelea. Kivinjari kipya hakizibi matundu ya mfumo wenyewe, lakini mlango unaoutumia kila siku unakuwa na fundi.

Tatu, tenga mambo ya fedha. Kutuma na kupokea pesa kwa kupiga namba za nyota na reli hakupiti kwenye kivinjari, kwa hiyo kasoro hii haigusi njia hiyo. Akaunti ya benki ya mtandaoni ifungulie kwenye simu mpya zaidi ya mtu unayemwamini kabisa, au nenda kwa wakala.

Nne, jihadhari na ukurasa unaokurukia na maneno "kivinjari chako ni cha zamani, bonyeza hapa." Hiyo ni mbinu ya siku nyingi ya kupandikiza programu za wizi. Kivinjari husasishwa kupitia duka la programu, si kupitia kiungo ulichotumiwa kwenye kundi la WhatsApp.

Na ukienda kununua simu, usiishie kuuliza kamera na betri. Mwambie muuzaji afungue Mipangilio mbele yako, usome toleo la Android kabla ya kutoa pesa.