Viporo vya Michezo na Baba Aliyegeuka Jiwe



Ndugu waamini na wasomaji wetu wapendwa, wiki hii tumekusudia kuandika juu ya jambo ambalo baadhi yenu mtashangaa kulikuta hapa, nalo ni viporo. Hatusemi viporo vya chakula wala vya ligi, bali viporo vya michezo ya video, hasa ile ya zamani ya Kijapani ambayo mchezaji hushika nafasi ya shujaa, akasafiri, akapigana na kukua kidogo kidogo hadi mwisho wa hadithi. Wapo kati yetu, wengi wao wanaume wenye familia, waliojiwekea orodha ya michezo hiyo na kuazimia kuimaliza yote. Mmoja wao alitueleza hayo barazani (wala si katika kitubio, asije mtu akatuhukumu) kwa sauti ya mtu anayelipa deni: bado 30.

Kwanza tuwajibu wale wanaodai kwamba michezo hii ni mlango wa shetani. Kwa heshima zote tunawaambia: hamjaitazama. Mfululizo wa Dragon Quest, uliobuniwa na Yuji Horii na kuanza nchini Japani mwaka 1986, katika matoleo yake mengi humpeleka mchezaji kanisani kwa kasisi kila anapotaka kuihifadhi safari yake. Kweli, kasisi huyo hutoza dhahabu ili kufufua wafu, jambo ambalo sisi hatuna uwezo nalo wala ruhusa. Katika Mother 2, mchezo wa Shigesato Itoi wa mwaka 1994, adui wa mwisho hashindwi kwa silaha. Binti mmoja anasali, na watu waliokutana naye njiani wanaisikia sala yake na kuanza kumwombea, mmoja baada ya mwingine. Tumewahi kusikia mahubiri yaliyoeleza sala vibaya kuliko hivyo.

Tena Kanisa halijafundisha kwamba kucheza ni dhambi. Mtakatifu Thoma wa Akwino, alipoandika juu ya michezo katika Summa yake, alikumbusha kisa cha Mtakatifu Yohane Mtume na upinde: upinde uliovutwa daima bila kulegezwa hukatika, na roho ya mtu vivyo hivyo. Nabii Zakaria naye, alipoiona Yerusalemu iliyokombolewa, aliona njia zake zimejaa watoto wanaocheza (Zak 8:5). Basi anayewatisha vijana kwa jina la shetani kwa sababu ya joka la kuchorwa, atakosa wa kumsikiliza siku atakapokuwa na onyo la kweli.

Na onyo la kweli lipo. Sasa tunawageukia ninyi wenye orodha.

Kosa lenu si kucheza. Kosa ni kuligeuza pumziko kuwa deni. Hebu tufanye hesabu pamoja. Mchezo mmoja wa aina hii huweza kuchukua saa 40. Dragon Quest VII ya mwaka 2000 peke yake huzidi 100. Michezo 30 kwa saa 40 ni saa 1,200. Anayecheza saa mbili kila usiku bila kukosa hata mmoja atahitaji siku 600. Michezo hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya mtoto aliyenunuliwa kaseti moja akaishi nayo kwa miezi. Kupigana na wadudu wale wale mara mia hakukumchosha, kwa kuwa hakuwa na haraka ya kwenda kwenye kaseti nyingine. Leo simu moja hubeba mamia ya michezo ya namna hiyo, na mwenye simu hachezi tena, anahesabu. Wahenga walisema mtaka yote hukosa yote.

Mtatujibu: “Padre, si afadhali kuliko baa?” Ndiyo, ni afadhali, na ni nafuu kwa mfuko. Lakini tangu lini baa imekuwa kipimo cha baba Mkristo? Mke ambaye mume wake yuko baa anajua kwamba hayupo. Mke ambaye mume wake amekaa sebuleni, macho kwenye kioo na masikio yamezibwa, huambiwa kwamba mume yupo.

Katika orodha ya ndugu yetu yule umo Dragon Quest V wa mwaka 1992. Shujaa wake humpoteza baba aliyekubali kufa ili mwanawe aishi. Anakua, anaoa, anapata mapacha. Kisha anageuzwa jiwe. Miaka 8 anasimama kama sanamu, akiona majira yakipita, wakati watoto wake wanakua bila yeye, mpaka wao wenyewe wanakuja kumtafuta na kumfungua. Ndugu yetu alitukiri kwamba alilia alipofika hapo, usiku wa manane. Tulimwuliza mtoto wake yuko darasa la ngapi. Akafikiri kwanza ndipo akajibu.

Hatuandiki haya kwa kumcheka. Sisi nasi tunavyo viporo vyetu: vitabu tulivyonunua tangu seminari, ambavyo huwa tunavifungua usiku ule ule ambao mgonjwa fulani alipaswa kutembelewa. Kiporo cha kweli ni yule mgonjwa. Ni ndugu ambaye hatujapatana naye, ni daftari la mtoto ambalo hakuna aliyelifungua tangu muhula uanze. Hivyo havisubiri.

Tazameni Mtakatifu Carlo Acutis, aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15, na kutangazwa mtakatifu na Papa Leo XIV tarehe 7 Septemba 2025. Alipenda kompyuta, na michezo ya video aliicheza. Lakini alijiwekea saa moja tu kwa wiki. Hatuwatwiki saa hiyo kama amri. Tunauliza tu: kijana aliweza kuutawala mchezo, je, baba wa familia?

Shauri letu ni hili. Ifuteni orodha. Chagueni mchezo mmoja mnaoupenda kweli, na mkiuchoka uacheni bila aibu, maana hakuna anayewadai. Na Dominika, ambayo Katekisimu (na. 2184) yatufundisha kwamba ni ya pumziko, familia na ibada, mwiteni mtoto akae kando yenu, ashike yeye vitufe, nanyi mtazame. Akiwaita kabla ya hapo, msimwambie asubiri.

Mungu awabariki nyote. Tuwatakie Dominika njema.