Mali Bila Daftari

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Msidhani ni wenye maduka tu walioambiwa. Hata sisi vijana wa Likoni wenye gemu yatuhusu.

Nyumbani tuna sidii 43, na kila mwezi zazidi. Nyingi hazina makasha. Moja ikiazimwa na jirani, baadaye ni ugomvi tu: “Nshakurudishia!” “Hujanirudishia!” Urafiki wa tangu chekechea wafa kwa sidii moja!

Kwa maoni yangu, dawa ni daftari. Piga mistari, uandike nambari, jina, mwaka, mashine, aliyeazima na tarehe. Kwanza zigawe kwa mashine, kwani sidii ya PlayStation 3 haichezi katika PlayStation 2. Mwaka nao usiusahau. FIFA ya mwisho kutengenezewa PlayStation 2 ni FIFA 14, iliyotoka 2013. Ukiuziwa “mpya” kuliko hiyo, jua ni kuukuu iliyovishwa kanzu mpya.

Wazee husema gemu hazina elimu. Basi tuwaonyeshe daftari, waone kazi ya mkutubi. Wenzangu, sidii hununuliwa tena, rafiki je?