Ukurasa hauna kete

Katika kila kikundi cha watu wanaopenda jambo moja, wawe wacheza bao, wafuga njiwa au watunga mashairi, haupiti muda kabla hajatokea mtu mwenye nia njema akauliza: "Jamani, mbona sisi hatuna ukurasa?" Hapo wote huinamisha vichwa kama waliokumbushwa deni. Kwenye kijiwe chetu cha bao hapa Dar es Salaam, aliyeuliza hivyo nilikuwa mimi. Nilipewa kazi hiyo, nikaifanya miaka miwili kwa moyo wote. Nilipiga picha, nikarekodi video, nikajibu waulizaji usiku wa manane. Leo nasema nilikosea, na kwamba imani iliyonisukuma inaumiza mambo yale yale tunayodhani inayaokoa.

Imani yenyewe inajulikana: asiyeonekana mtandaoni hayupo, na mchezo usiokuwa na wafuasi utakufa na wazee wake.

Tuanze na kufa. Bao limetoka pwani likaingia bara, likafika Malawi wanakoliita bawo, likavuka bahari hadi Komoro, na hakuna aliyelitangaza. Mwalimu Nyerere alilicheza akiwa rais na akalicheza alipostaafu. Alexander de Voogt, Mholanzi aliyetoa utafiti wake kuhusu mabingwa wa bao mwaka 1995, aliwapata kwa kwenda Zanzibar na kukaa nao. Mchezo huu umesafiri miguuni mwa mabaharia, wachuuzi, vibarua na wanafunzi, mtu akimfundisha mtu. Anayesema leo hautaweza tena kusafiri hivyo anatakiwa atueleze ni nini kilichobadilika kwa binadamu. Kubadilika kwa simu peke yake hakutoshi kuwa jibu.

Lakini hoja yangu kubwa si ya historia. Ni ya yale niliyoyaona kwa macho yangu kwenye baraza letu.

Wasiolijua bao wanivumilie kidogo. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, nusu kwa nusu. Kila mchezaji anaanza na kete kumi ubaoni: sita katika nyumba, lile shimo la mraba, na mbili mbili katika mashimo mawili ya kulia kwake. Nyingine 22 anabaki nazo, akiziingiza moja moja katika awamu ya namua, na zikiisha ndipo linapoanza bao la mtaji. Sasa, katika namua, mtu akila kete za mpinzani halafu kete yake ya mwisho ikaangukia ndani ya nyumba yake, ana hiari. Anaweza kuiacha nyumba ilale. Au anaweza kusema "safari", akaizoa yote na kuendelea kuitembeza shimo kwa shimo. Hapo ndipo fundi anapojulikana. Nyumba iliyolala ni akiba, na pia ni shabaha. Nyumba iliyosafiri haijengeki tena. Nimemwona mzee mmoja wa kijiwe chetu akitazama ubao pale pale kwa muda mrefu, mkono umening'inia juu ya nyumba, vidole vikicheza bila kugusa kitu, kahawa ikipoa pembeni, watu kumi hawapumui. Kisha akaurudisha mkono gotini. "Imelala." Na baraza zima likalipuka.

Nilikuwa na simu mkononi siku ile. Nilipokaa jioni kuitengeneza video nilikata ule ukimya wote, kwa kuwa hakuna mtu atakayetazama mkono usiosogea. Nilibakiza kelele za mwisho. Nilichokitupa ndicho kilichokuwa bao.

Laiti madhara yangeishia hapo. Video zilizopendwa kuliko zote zilikuwa za safari: kete zinazoruka mzunguko baada ya mzunguko, mkono unakwenda kama wa mpiga ngoma, watu wanashangilia. Vijana wetu wakaliona hilo. Polepole wakaanza kusafirisha nyumba pale ambapo hata mwanafunzi wa wiki tatu angejua inafaa ilale. Walikuwa wanaichezea simu. Mmoja wao, kijana mwenye kichwa kizuri kuliko wengi, alifungwa mara nne mfululizo kwa mtindo huo na bado akaniomba nimrushe mtandaoni, maana mizunguko yake ilikuwa mirefu. Nilimrusha. Wakamsifu maelfu ya watu wasiojua tofauti ya shimo la kichwa na la kimbi. Hebu niambieni, mzee aliyekaa miaka hamsini kwenye bao atamrekebisha vipi kijana ambaye ameshasifiwa na maelfu?

Siku nyingine nilimwomba mzee huyo huyo arudie mzunguko mmoja kwa sababu mtu alinipitia mbele ya kamera. Alinitazama bila hasira. "Mwanangu," akasema, "kete ikishatua haiinuliwi." Niliona haya, nikakaa chini. Kesho yake nikarekodi tena, kwa sababu imani ile ina nguvu kuliko haya.

Halafu kuna utani. Anayekuja barazani mara ya kwanza hushangaa jinsi watu wazima wanavyotoleana maneno. "Nyumba yako imeingia siafu!" "Leo unalala na njaa wewe, waambie nyumbani wasikupikie!" Maneno hayo yana wenyewe. Anayeyasema anamjua anayeambiwa, anajua mkewe aliugua lini na mwanawe anasoma wapi, na akiona uso umebadilika ananyamaza au anamsogezea kikombe. Tulipoyapeleka maneno yale kwenye ukurasa, yalifika kwa watu bila uso wala kikombe. Ugomvi mmoja ulianza kwa swali la kanuni tu, kama takasia, ile ya kumzuia mpinzani asilicheze shimo ulilolilenga, ilikuwa halali katika mchezo fulani. Barazani swali hilo linakwisha kwa dakika moja, kwani yupo mzee wa kuulizwa, na akishasema limekwisha. Mtandaoni liliendelea siku mbili, wakajiingiza watu tusiowajua, likafika kwenye makabila na mama za watu. Wanaume wawili waliokuwa wakichangia benchi moja kwa miaka hawasalimiani mpaka leo. Hilo ni jeraha, na mlango lilipopitia niliufungua mimi.

Nitaambiwa: lakini vijana wako huko, usipowafuata utawapata wapi? Hii ndiyo hoja wanayoishika sana wenye imani hii, nami niliishika kwa mikono miwili. Basi nitasema tulichokipata. Katika miaka ile miwili walitufuata watu wengi kuliko wanavyoweza kujaa mtaa wetu. Barazani tulikuwa kumi na mmoja tulipoanza, na tulipofika mwisho tulikuwa kumi na mmoja, ukiwahesabu hata wale wawili wasiosalimiana. Waliotutembelea kwa sababu ya ukurasa walikuja kupiga picha, wakaondoka kabla kahawa haijamiminwa vikombeni.

Na wanaoingia kwenye bao kweli, wanaingiaje? Mtoto anatumwa kumwita mjomba wake. Mjomba anamwambia ngoja kidogo. Anangoja. Anatumwa kashata, anarudi, anakaa ukingoni. Wiki ya pili anajua nani anaonewa. Siku moja mtu mmoja amechelewa, ubao uko wazi, mtu anamwambia "njoo hapa", anampangia bao la kujifunza, kete mbili mbili kila shimo. Wale wote kumi na mmoja tuliingia hivyo, nikiwemo mimi. Njia hiyo inahitaji mjomba, inahitaji benchi, na inahitaji mtu mzima mwenye nafasi ya kumtazama mtoto akikosea. Nafasi hiyo mimi nilikuwa naitumia kuhariri video. Vijana walikaa mita mbili kutoka kwangu nami nimeinamia kioo nikiwatafuta vijana.

Kuna jambo la mwenye nyumba pia, nalo nitalipita haraka maana liko wazi. Ukurasa si wako. MySpace ilitangaza mwaka 2019 kwamba imepoteza nyimbo ambazo watu walizipakia huko kwa miaka kumi na miwili, na wenye nyimbo hawakuwa na pa kushitaki. Uganda ilianza kuwatoza watu shilingi 200 kwa siku mwezi Julai 2018 ili tu waingie kwenye mitandao ya kijamii, kisha Januari 2021 Facebook ikafungwa kabisa nchini humo. Hapa kwetu intaneti ilizimwa siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, ikakaa siku kadhaa. Kumbukumbu za kikundi zikiwekwa mahali ambapo mtu usiyemjua ana ufunguo, siku akifunga mnabaki hamna hata orodha ya majina yenu. Sisi tuna daftari la kaunta lenye michezo iliyoandikwa kwa kalamu tangu kabla sijajiunga. Limeliwa na mende pembeni, lakini linafunguka.

Kuna mtu mmoja ambaye nilisita kwa ajili yake. Ni mwenzetu aliyehamia Muscat kikazi, naye alikuwa akitazama kila tulichokiweka. Nilipomwandikia kwamba ninafunga, niliogopa atahuzunika. Alinipigia simu. Alisema zile video zilimchosha, alikuwa akizitazama ili kuona nani yupo, nani amekonda, na kama mzee bado anakaa upande ule ule wa ukuta. Sasa tunampigia Ijumaa baada ya Asri, simu inaegeshwa kwenye birika, anatukana kama zamani na anajibiwa kama zamani. Kuzungumza na mtu wenu aliye mbali ni jambo jema, kama lilivyo jema kutumiana ujumbe kwamba leo hatukai, kuna msiba. Hayo hayahitaji ukurasa wa kuonwa na dunia. Tumeyachanganya mawili haya kwa makusudi ya wanaouza matangazo, nasi tumekubali kana kwamba hatuna akili zetu.

Na kwa viongozi wa vikundi vingine wanaosoma hapa, wale wanaoambiwa kila mkutano kwamba wako nyuma: hamko nyuma. Saa zenu ni chache, na kila saa mnayoupa ukurasa mnaitoa kwa mtu aliyekaa mbele yenu. Muulizeni anayewashauri amekuja barazani mara ngapi mwaka huu.

Nimeufunga wetu mwezi uliopita. Fedha za vifurushi nilizokuwa nachangiwa tumempelekea seremala, atuchongee bao la pili kwa mti wa mninga, dogo kidogo, la kukaa ukingoni kule wanakokaa watoto. Nilipita jana kuliona. Mashimo ya nyuma yamekwisha, ya mbele yamefika nusu. Nyumba bado imechorwa kwa penseli tu.