Tusingoje kimbunga kingine ndipo tukumbuke kukaza mapaa Pwani

USIKU wa Mei 3, 2024, wakazi wengi wa Pwani ya Kenya walilala roho mkononi. Kimbunga kilichopewa jina Hidaya kilikuwa kikielekea Afrika Mashariki, na siku hiyo Rais William Ruto alikuwa ameahirisha ufunguzi wa shule kote nchini, huku taifa likiomboleza zaidi ya watu 200 waliouawa na mafuriko. Siku iliyofuata kimbunga hicho kilitua katika kisiwa cha Mafia, Tanzania, kikiwa kimepungua nguvu. Kenya ikaponea.

Hatari iliyobaki ni kudhani kwamba kwa kuwa Hidaya kilitupita, na kingine kitatupita vivyo hivyo.

Ni kweli kwamba maumbile yametukinga. Kimbunga huundika pale upepo unaokimbilia mahali ambapo shinikizo la hewa limeshuka unapopindwa na mzunguko wa dunia, ukaanza kuzunguka. Nguvu hiyo ya kupinda hufifia kadiri unavyokaribia ikweta. Ndiyo maana ni nadra vimbunga kufika katika nyuzi tano za kaskazini au kusini ya mstari huo, na Mombasa iko takriban nyuzi nne kusini.

Hata hivyo, nadra si muhali. Mnamo Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuangamiza merikebu za Sultani Barghash. Aprili 1952 ilikuwa zamu ya Lindi, kusini mwa Tanganyika. Mnamo 2019, Msumbiji ilipigwa na Idai mwezi Machi, kisha Kenneth mwezi Aprili. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Isitoshe, kimbunga hakihitaji kutua kwako ndipo kikudhuru. Kikiwa mbali baharini huweza kuinua mawimbi yanayozamisha ngalawa na kuleta mvua kubwa. Hidaya, ingawa kilikuwa kimedhoofika, kiliharibu barabara inayounganisha Dar es Salaam na mikoa ya Lindi na Mtwara. Familia iliyotarajia msaada ufike upesi ilijipata imetengwa na maji.

Kwa hivyo, maandalizi yaanzie nyumbani, na nyumbani yaanzie paani. Upepo mkali unapopita juu ya paa huivuta juu. Ukipata mlango au dirisha lililo wazi, huingia ndani na kuisukuma kutoka chini. Mabati yaliyopigiliwa misumari michache kwenye kingo ndiyo hutangulia kung'oka, na bati linaloruka huweza kumkata mtu. Mwenye nyumba akague misumari iliyolegea au kushika kutu, aongeze mipya kando ya paa, na kufunga mbao za paa kwenye kuta kwa waya imara au vipande vya chuma. Wenye nyumba za makuti wakaze kamba zilizochakaa na kubadilisha boriti zilizoliwa na mchwa.

Aidha, makuti makavu na madafu yanayoning'inia juu ya nyumba yaanguliwe mapema. Mitaro izibuliwe. Vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho na hatimiliki vifungwe katika karatasi za plastiki. Maji safi ya siku kadhaa yawekwe katika mitungi yenye vifuniko, kwani visima huchafuka mafuriko yanapofika. Redio ya betri iwepo, na kila aliye nyumbani ajue jengo la mawe lililo mahali pa juu ambako watakimbilia.

Mengi ya haya hayahitaji fedha nyingi. Lakini itakuwa dhuluma kumtwika mwananchi mzigo wote. Mpangaji wa chumba kimoja Kisauni au Likoni hana mamlaka juu ya paa linalomfunika. Mwenye nyumba ndiye anayepaswa kulitengeneza, na serikali ya kaunti ndiyo inayopaswa kumkagua. Mvuvi naye hawezi kubaki nchi kavu kwa siku nyingi ikiwa watoto wake watalala njaa. Onyo lisiloandamana na chakula cha dharura kwa watu wa aina hii huwaacha wachague kati ya bahari na njaa.

Serikali za kaunti za Pwani zingefanya vyema kutangaza mapema shule na kumbi zitakazotumiwa kama makao ya muda, kuzikagua mapaa, na kuhakikisha tahadhari za Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa zinawafikia wananchi kwa Kiswahili chepesi na kwa lugha za Wamijikenda, tena zikieleza hatua za kuchukua. Kumwambia mkazi wa Vanga kasi ya upepo kwa kilomita hakumsaidii iwapo haambiwi ahamie wapi na saa ngapi. Vilevile, ukataji wa mikoko ukomeshwe, kwani miti hiyo hupunguza makali ya mawimbi kabla hayajafika kwenye makazi.

Msimu wa vimbunga katika eneo hili la Bahari ya Hindi huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na Hidaya kilionyesha kwamba hata Mei si salama. Wakati wa kupanda ngazi na kukagua paa ni sasa, upepo ukiwa umetulia.