KAMERA YA MKOPO, BEI "NJOO DM": LAIVU ZA WAJASIRIAMALI ZINAKWAMA HAPA

Siku hizi kila duka Bongo lina laivu. Magauni, raba, mawigi, vyombo, mpaka keki, vyote vinauzwa mubashara Instagram na TikTok usiku watu wakiwa wamejilaza na simu zao. Ni jambo jema. Tatizo wengi wameaminishwa kuwa laivu ya kisasa lazima iwe na kamera kubwa, na hapo ndipo mitaji inapokatikia.

Chukua dada mmoja wa Sinza, jina kapuni, muuza magauni. Alimuona staa mmoja wa Bongo Muvi akirusha laivu ya duka lake kwa kamera tatu, mataa na mapambo kama yuko ukumbini. Naye akachukua mkopo wa kikoba, akanunua kamera. Siku ya laivu picha ilitoka safi kweli, mpaka nyuzi za gauni zinaonekana. Ila maiki ilikuwa ile ile ya ndani ya kamera, mita tatu kutoka mdomoni, feni inavuma, bodaboda zinapita nje. Watu waliingia, wakaandika "dada hatusikii", wakasepa. Na kikoba hakijui kama laivu imebuma, marejesho yako pale pale.

Kuna dogo mwingine anauza raba Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Kamera hana. Ana simu kwenye stendi, maiki ya waya ya kubana kwenye kola na taa moja mbele yake. Anataja saizi, anataja bei, anageuza soli watu waione. Anauza.

Ukweli ndio huo. Mteja anaweza kuvumilia picha yenye ukungu kidogo, lakini hanunui asichokisikia. Kwa hiyo hela ya kwanza iende kwenye maiki.

Ya pili mwanga, na mchana huo ni bure. Kaa ukiangalia dirisha, usiligeuzie mgongo, maana utaonekana kivuli tu. Usiku tumia taa za rangi moja. Ukichanganya taa nyeupe na balbu ya njano, gauni la maruni linaweza kuonekana jekundu. Mteja akipelekewa na boda analikataa mlangoni, nauli imekula kwako, na jina la duka limeshachafuka.

Ya tatu ni bando. Watu wanapima spidi ya kupakua wakati laivu inategemea spidi ya kupandisha. Laivu inayorushwa kwa megabiti 3 kwa sekunde inakula karibu GB 1.35 kwa saa moja. Ukiingia na GB 1 ya kuunga unga, utakatika mteja akiwa anauliza namba ya kulipia. Na laini ya kupokelea simu ikae kwenye simu nyingine, sio shangazi anapiga kusalimia katikati ya biashara laivu inasimama.

Wanaotaka nembo kwenye kona na picha mbili kwa pamoja, programu ya OBS Studio ni ya bure kabisa. Fundi anayekuuzia programu hiyo anakupiga mchana kweupe. Muda wake wa kukufungia na kukufundisha ni sawa alipwe. Pia punguzeni kupiga Bongo Fleva mwanzo mwisho. Mitandao hii inatambua nyimbo zenye hakimiliki, laivu inaweza kunyamazishwa au kukatwa.

Wapo watakaosema muonekano ndio unaoleta wateja wenye hela. Sawa, hakuna anayependa kununua gauni lililoning'inizwa juu ya ndoo na majaba. Pasafishwe, ukuta uwe wa rangi moja, inatosha kuanzia. Lakini staa ana wafuasi hata kabla hajawasha kamera, watu wanaingia kumuona yeye. Dada wa Sinza watu wanaingia kuona gauni. Hizo ni biashara mbili tofauti, na kuiga ya mwenzio kwa hela ya mkopo ni kujitafutia presha. Kamera inunuliwe na faida ya laivu, sio laivu ianzishwe na deni la kamera.

Halafu kuna hili la "bei njoo DM". Mtu kaacha tamthilia yake, kachoma bando lake, kauliza bei mara tatu anaambiwa aende DM. Sasa laivu ilikuwa ya nini? Bei iandikwe kwenye karatasi kwa maandishi makubwa, ibandikwe kwenye bidhaa. Karatasi na kalamu ya wino mzito havihitaji kikoba.

Mdau, laivu gani ya biashara ilishawahi kukutoa hela mfukoni, na kipi kilikushawishi? Tiririka hapo chini.