Bingwa Apatikane Mezani, Asiteuliwe Ofisini

Mwaliko wa mashindano ya dunia ya karata ni mali ya anayeshinda karata. Mwenyekiti wa chama hana ruhusa ya kumzawadia shemeji yake. Katibu hana ruhusa ya kuugeuza posho ya safari. Mfadhili aliyenunua fulana kumi na katoni mbili za maji ashukuriwe kwa makofi, akae chini, atazame. Nayasema haya nikiwa Bujora, Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza kwenye barabara ya Musoma, kwa sababu hapa tuna namna ya kumpata mshindi ambayo viongozi wengi wa michezo nchini wangeiona wangeinamisha vichwa.

Sikukuu ya Ekaristi Takatifu inapofika, kwa kawaida mwezi Juni mavuno yakiwa yameshaingia ndani, Wasukuma humiminika Bujora kwa ajili ya Bulabo, tamasha lao la ngoma. Bagika hawa, Bagalu wale. Makundi mawili yanapiga ngoma kwa wakati mmoja, kila moja na upande wake wa uwanja, na mtazamaji anapiga kura kwa miguu. Ngoma ikikolea anasogea, ikipoa anahama. Wachezaji wa bugobogobo watarusha majembe angani, wengine watacheza na chatu shingoni, na jua likizama umati wenyewe umeshatoa hukumu. Barua yenye mhuri haimvushi uwanja mtazamaji hata mmoja. Padri David Clement, Mkanada ambaye Wasukuma walimwita Fumbuka na ambaye alianza kazi ya Bujora miaka ya 1950, aliipa ngoma nafasi katika sikukuu ya kanisa, na ushindani wa Bagika na Bagalu ukabaki ushindani.

Asije mtu akasema nataka karata ziamuliwe kwa makelele. Umati unapenda mbwembwe, na karata inataka kumbukumbu, hesabu na ubaridi wa moyo. Ninachokidai kutoka Bulabo ni kanuni moja: mshindi apatikane hadharani, siku hiyohiyo, mbele ya macho ya walioshindwa. Aliyeshindwa akiwa ameona kwa macho yake, ataumia, ataenda nyumbani, atafanya mazoezi. Aliyeshindwa na kikao alichokisikia kwa tetesi hana cha kufanyia mazoezi. Atafanya nini, ajifunze kuwa shemeji?

Dunia yenyewe ilianza vibaya, kisha ikajirekebisha. Mwaka 1970 wacheza poka wachache walikusanyika Las Vegas, kwenye kasino ya Binion's Horseshoe, katika mashindano ya kwanza ya World Series of Poker. Wakacheza, wakamaliza, wakapiga kura ya kumchagua bora wao. Akatangazwa Johnny Moss. Walikuwa marafiki wanaojuana, na bado mwaka uliofuata waliona kura haifai: 1971 ukawekwa utaratibu wa kucheza mpaka abaki mtu mmoja mwenye mali yote ya meza. Moss huyohuyo akashinda tena, na safari hii hapakuwa na wa kumnong'ona. Kama kweli wewe ni bora, mchujo wa wazi unakuongezea heshima. Anayeukimbia anajijua.

Sehemu ya pili ya somo hilo ndiyo inayotuhusu zaidi. Kiingilio cha mashindano makuu kilikuwa dola 10,000, fedha ambazo mtu wa kawaida hawezi kuzitoa mfukoni. Wakaweka michujo midogo: unalipa kidogo, ukishinda wenzako unalipiwa kiti. Mwaka 2003 mhasibu wa Tennessee, Chris Moneymaker, aliingia kwa mchujo wa dola 86 kwenye intaneti na akamaliza akiwa bingwa wa dunia, na dola milioni 2.5 mkononi. Mwaka ule walicheza watu 839. Mwaka uliofuata wakawa 2,576. Sitetei kamari, wala sitaki kijana wa Kisesa auze baiskeli akacheze poka. Natetea mlango. Mlango ulipofunguliwa kwa mtu asiyejulikana, wachezaji waliongezeka zaidi ya mara tatu kwa mwaka mmoja. Chama kinachogawa mialiko chumbani kinaua mchezo kinaodai kuulea.

Tazama na mchezo wa briji, ambao mashindano yake makubwa ya timu, Bermuda Bowl, yalianza 1950. Shirikisho lake la dunia limeigawa dunia katika kanda nane, Afrika ikiwa mojawapo. Katika timu 24 zinazofika, Ulaya imekuwa ikipeleka nane, na Afrika idadi ya kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Watetezi wanasema Ulaya ina wachezaji wengi. Sawa, lakini wetu watakuwaje wengi ikiwa nafasi hazifiki? Hata mwaka 2023, mashindano yalipofanyika Marrakech, Morocco, kwenye ardhi ya Afrika, sisi wa ziwani tulikuwa mbali nayo kana kwamba yalifanyika mwezini. Nalaumu mgawo wa dunia, ndiyo. Ila sina uso wa kuulaumu kwa nguvu huku kwetu nafasi moja ikitua Dar es Salaam inazunguka ndani ya Dar es Salaam mpaka inaisha.

Mtaniambia tutumie alama: anayeongoza orodha aende. Orodha nayo inachezewa. Desemba 2023, kule Ufaransa, mechi za chesi ziliandaliwa haraka mjini Chartres ili Alireza Firouzja apandishe alama kabla mwaka haujafungwa na apate nafasi katika mchujo wa kumtafuta wa kuwania taji la dunia. Kipaji chake hakina ubishi, lakini zilipigwa kelele dunia nzima. Kama inatokea kwa wakubwa wenye macho yote yanayowatazama, itakuwaje kwa orodha inayokaa kwenye kompyuta ya mtu mmoja asiyependa kuulizwa?

Wapo pia watakaosema karata ni bahati, mchujo wa siku moja utampeleka mwenye bahati. Hoja hii ina uzito na dawa yake ipo zamani. Wacheza briji huzipanga karata za meza moja kwenye kibao chenye mifuko minne, kibao kikahamia meza nyingine, na watu wengine wakacheza mkono uleule. Wote wamepata karata zilezile. Aliyefanya vizuri zaidi ndiye fundi. Kazi hiyo inahitaji vibao, mwamuzi mwenye saa na watu wasioibiana macho. Haihitaji hoteli ya nyota tano.

Na yupo mwenye hoja ya uzoefu: tupeleke waliozoea kusafiri, wa vijijini wataaibika ughaibuni. Phiona Mutesi alitoka Katwe, mtaa wa mabanda wa Kampala, akafundishwa chesi na Robert Katende, na mwaka 2010 akaiwakilisha Uganda kwenye Olimpiadi ya chesi Khanty-Mansiysk, Urusi, akiwa binti mdogo. Uzoefu alioupata, aliupata kwa kupelekwa. Wetu wa Igoma, Nyakato na Magu watauokota wapi, kwenye hadithi za waliorudi?

Basi huu ndio mgawo ninaoudai. Zikija nafasi nne za kimataifa, moja iwe ya bingwa wa taifa anayetambulika, tatu zitoke kwenye michujo ya kanda, Kanda ya Ziwa ikiwa na mchujo wake hukuhuku ziwani. Nafasi ya uteuzi wa viongozi iwe sifuri. Matokeo ya kila meza yabandikwe ukutani jioni ileile. Orodha ya akiba itangazwe kabla ya safari, ili wa kwanza akikwama wa pili ajulikane, na asichomekwe mtu katikati.

Mwaliko uje na nauli. Hapa ndipo wajanja wanapojificha. Wanamwalika fundi wa Kisesa wakijua hana pasipoti. Pasipoti ni shilingi 150,000. Anaambiwa aende Dar es Salaam kwa ajili ya viza, zaidi ya kilomita elfu moja kwa basi, na ada ya viza ya Ulaya peke yake ni euro 90. Akishindwa wanasema kwa huzuni ya kuigiza, “Mwenzetu amekosa nafasi, tumemteua mwingine.” Na huyo mwingine tayari begi lake liko mlangoni! Sheria iwe fupi: mpaka mchezaji wa mwisho awe na tiketi na viza, asilipiwe kiongozi hata chai ya uwanja wa ndege.

Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa Sheria namba 12 ya mwaka 1967. Lina umri wa kutosha kukijua chama cha mfukoni kwa harufu. Lidai jambo moja kabla ya kubariki safari yoyote ya karata, bao, drafti au chesi: karatasi ya matokeo ya mchujo, yenye majina, tarehe na sahihi za walioshindwa. Hakuna karatasi, hakuna safari.

Nanyi mnaopiga karata chini ya miembe, acheni kunung'unika kwa kujificha. Bulabo ijayo watu watajaa Kisesa bila kuitwa na ofisi yoyote. Pangeni meza kumi jirani na uwanja, mwiteni afisa michezo wa wilaya ashuhudie, chezeni mpaka wabaki wanne, andikeni majina na mpeleke nakala Mwanza na Dar es Salaam. Halafu chama kikitaja majina tofauti, kisimame hadharani kitueleze hao wengine waliwashinda kina nani, lini, na kwenye meza gani.